Anwani Inayohama
Sehemu ya Tisa

Mashine iliyojibu haikuwa yao.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Mama Élisabeth Uwimbabazi amesimama nyuma ya kiti cha Byiringiro, fundi kijana mwenye cyber ile, duka la intaneti pale Birere, na Byiringiro amebonyeza kitufe cha mwisho. Kioo cha kompyuta kikafunguka. Élisabeth akapiga kelele ya furaha. Kisha picha ikatulia, na wote wawili wakaona lango la chuma la kijani, mbwa amelala, na ndoo mbili za maji.

"Hii ni nini?" Élisabeth aliuliza.

"Kamera. Kamera ya parcelle ya mutu, ya kuchunga nyumba yake."

"Ya nani?"

"Sijui, mama. Ya mutu tu."

Byiringiro aliifunga haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa kukosea.

"Lakini adresse ni ileile!" Élisabeth alinyoosha kiganja. Namba alizoziandika jana kwa biki ya bluu zilikuwa bado zinasomeka. "Si hii? Si wewe ulinisomea?"

"Jana ilikuwa yetu. Leo wameipa mutu mwingine." Byiringiro alijifuta uso. "Mama, compagnie ya internet haikupatie adresse ya kukaa nayo. Courant ikikatika kule Kibati, mashine ikizima na kuwaka, inapewa namba ingine. Ile ya zamani inaenda kwa mwenye kufika wa kwanza."

"Basi muulize rafiki yako. Yule wa compagnie aliyekupa ya jana."

"Nimemuita mara kumi na mbili tangu asubuhi. Hashike simu."

Saa ya ukutani ilikuwa saba na dakika ishirini mchana. Saa tisa kamili, mtoto angeondoka.

Kwa aliyekosa magazeti yaliyopita, shida yenyewe ni hii. Kwenye kituo cha watoto cha Ndosho kuna msichana wa miaka mitano anayeitwa Jolie. Juzi alitokea mwanaume anayejiita Ntirenganya, akasema ndiye baba yake. Alikuwa na karatasi ya chef wa mtaa, yenye muhuri. Alikuwa na mashahidi wawili. Élisabeth alikuwepo siku hiyo, na jambo moja lilimkaa kooni: mtu yule aliuliza kama mtoto ana cheti cha kuzaliwa kabla hajauliza kama mtoto amekula.

Lakini hilo si ushahidi. Jolie mwenyewe hamjui baba yake. Akiulizwa mama yake anaitwa nani, anajibu bila kusita, "Mama Jolie."

Ushahidi uko Kibati. Wakati kambi zimejaa kando ya barabara ya Rutshuru, Élisabeth na mume wake Ferdinand waliandikisha watoto mia nne na kumi na wawili, kila mtoto amepigwa picha pamoja na mtu aliyekuja naye, ili vita ikiwatawanya ijulikane nani ni wa nani. Picha ya Jolie aliipiga Élisabeth mwenyewe. Uso wa mwanamke aliyembeba anaukumbuka. Jina limemtoka.

Januari watu wa bunduki waliivamia ofisi yao ya Kibati, mlimokuwa na picha hizo, na hawajatoka mpaka leo. Siku moja kabla, Ferdinand alikuwa ameipandisha kompyuta yenye picha juu ya plafond, ndani ya dari, akaiunganisha na betri ya jua na antena ya paa. Siku tatu baadaye bomu lilianguka mtaani kwao. Élisabeth alimzika mumewe asubuhi ya Jumapili, watu sita tu makaburini.

Mashine haikuzimwa na mtu. Wale wenye bunduki wanachaji simu zao kwenye betri ileile, hawajui kilicho juu ya vichwa vyao.

Kwa hiyo mashine inaishi. Ila leo haijulikani inaishi wapi.

"Kuna namna ingine," Élisabeth alisema. "Lazima iko. Byiringiro, niambie iko."

Byiringiro alizungusha kiti. "Mama, nikuulize. Papa Ferdinand, akiwa nyumbani, alikuwa anaingiaka namna gani mu ile mashine?"

"Alikuwa anafungua ordinateur yake, kompyuta ya nyumbani, anaandika, anaingia."

"Anaandika namba?"

"Hapana. Jina."

Byiringiro alisimama. "Jina gani?"

"Kitu kama batoto-kibati, na nukta, na maneno ingine mbele."

"Mbona hukuniambia tangu Lundi, siku tulianza kuitafuta?"

"Hukuniuliza!"

Watu wawili waliokuwa wanachapisha barua kwenye kona waligeuka. Byiringiro alikuwa ameshakaa tena, vidole mbio.

"Ile ni jina la kufuata," alisema huku anaandika. "Mashine ikipewa adresse mupya, yenyewe inapigia jina, kila dakika kumi, na kusema: sasa niko hapa. Wewe unatafuta jina tu, jina linakupeleka. Hata ihame mara kumi kwa siku. Ferdinand alikuwa mutu wa akili, mama. Alikuwa ameshatengeneza kila kitu."

Akabonyeza.

Kioo kilijibu kwa mstari mmoja. Jina halipo.

Akaandika tena, herufi moja moja, Élisabeth akimtajia. Halipo.

"Wamelifuta," Byiringiro alisema polepole. "Majina ya bure yana sharti. Kila siku makumi tatu wanakutumia barua ku email, unabonyeza kusema bado unalitaka. Usipobonyeza, wanalifuta. Na mwenyewe..."

Hakumaliza. Mwenyewe alikuwa makaburini tangu Januari.

Élisabeth alikaa kwenye benchi. Hakulia. Alikuwa ameishiwa hata machozi.

"Tunaweza kulirudisha," Byiringiro alisema, akiogopa kumpa tumaini kubwa kuliko lililopo. "Tukiingia mu compte yake, akaunti ya lile jina. Mot de passe, nywila yake, unaijua?"

"Ya mashine ya ofisi naijua. Ya hiyo, hapana."

"Email yake unaijua?"

Aliitaja. Byiringiro akaomba nywila mpya. Kioo kikafikiri, kikaandika: tumetuma tarakimu sita kwenye namba ya simu inayoishia na 46.

"Ni namba yake," Byiringiro alisema, mabega yakashuka. "Basi imekwisha. Laini ya mutu aliyekufa inakatwaka kisha miezi tatu."

Élisabeth alifungua sakoshi, mkoba wake wa mkononi. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, alitoa simu ndogo ya vibonyezo iliyokwaruzika kioo.

"Haijakatwa," alisema.

Byiringiro aliitazama, akamtazama yeye.

"Kila mwisho wa mwezi naiwasha. Naitia uniti kidogo, naizima." Sauti yake ilikuwa kavu. "Usiniulize juu ya nini nafanya vile. Hata miye sijui."

Aliiwasha. Kioo kidogo kikaonyesha maneno ambayo Ferdinand aliyaandika siku alipoinunua: Bonjour Ferdi. Élisabeth alifumba macho mpaka maneno yale yapite. Betri ilikuwa na mstari mmoja.

Dakika moja. Mbili. Mtandao ulikuja, ukaenda, ukarudi. Simu ikatetemeka.

"Soma, mama!"

Alisoma tarakimu sita. Byiringiro aliandika. Kioo kikakataa: muda umepita.

"Tumechelewa kuiwasha. Naomba ingine. Usiizime!"

Simu ikatetemeka tena, na papo hapo ikalia ule mlio mwembamba wa betri inayokufa.

"Saba. Moja. Moja. Tisa. Sufuri..."

Giza. Simu ilikuwa imezimika mkononi mwake.

"Ya sita?" Byiringiro hakugeuka, vidole vyake vikiwa juu ya vibonyezo. "Mama, ya sita!"

"Niliiona. Tatu. Ao nane. Kile kioo kimekwaruzika, Byiringiro, tatu na nane zinafanana!"

"Chagua."

"Wewe chagua!"

"Ferdinand alikuwa bwana yako. Chagua!"

"Nane."

Alibonyeza nane. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Akaunti ikafunguka.

Byiringiro alipiga meza kwa kiganja. Ndani ya dakika mbili jina lilikuwa limesajiliwa upya, lilelile, herufi kwa herufi. Kilichobaki ni kungoja mashine ya Kibati ilipigie.

Walingoja. Saa nane kasoro tano. Saa nane. Saa nane na dakika tano. Mbele ya jina palibaki patupu.

"Ulisema inapigaka kila dakika kumi," Élisabeth alisema.

"Ingekuwa imeshapiga." Byiringiro aliuma kucha. "Nafikiri nimeelewa. Iliita jina, ikajibiwa jina halipo. Programu ikiambiwa vile, inaachaka kuita. Inakaa kimya mupaka mashine izimwe na iwashwe upya."

"Na nani ataizima? Iko juu ya plafond, na chini kuna bunduki!"

Walitazamana. Jibu lilikuwa moja, na hakuna aliyetaka kulitaja kwanza. Betri ya jua ilikuwa kwenye jiko la nje. Ndani ya jiko lile aliishi sentineli, mlinzi wa zamani wa ofisi, Muzee Twagirimana, ambaye wale watu walimwacha abaki kwa sababu anawapikia.

Élisabeth alipiga simu. Ililia mara nane.

"Mama Élisa." Muzee alinong'ona. "Sema haraka."

"Muzee, uko peke?"

"Niko mu jiko. Babili bako inje, banacheza karata. Bengine banalala."

"Muzee, nakuomba kitu. Ile kamba ya betri, ile nyekundu. Uitoe. Uhesabu mupaka makumi tatu. Uirudishe. Ni hivyo tu."

"Mama, telefone zao sita ziko pale zinakula courant. Zikiacha, bataona. Mbele ya jana, juzi tu, bamemupiga mutu juu ya sabuni."

"Najua."

"Unajua, na unaniomba?"

Élisabeth alishika ukingo wa meza. Kwa muda alitaka kusema basi, muzee, acha. Midomo ilikuwa imeshafunguka kulisema. Badala yake yakatoka mengine.

"Kuna mutoto anapelekwa saa tisa na mutu asiyekuwa baba yake. Fiche yake, karatasi ya kuandikishwa, iko mu ile mashine. Sina kitu kingine."

"Ni mutoto wa nani?"

"Ndiyo natafuta, muzee. Sijui hata jina la mama yake."

Twagirimana alipumua kwa nguvu. "Usikate," alisema.

Simu iliwekwa juu ya kitu. Walisikia sufuria ikisogezwa. Walisikia kikohozi cha mzee, cha makusudi, kirefu, cha kuficha sauti nyingine. Kisha kimya. Byiringiro alihesabu kwa midomo. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili.

"We muzee!" Sauti ya kijana, kwa mbali. "Unafanya nini pale?"

"Napanga makala ya kuwashia moto, mukubwa."

"Telefone yangu mbona imeacha kula courant?"

Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

Kitu kizito kilianguka. Simu ikakatika.

Élisabeth alipiga tena. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

"Nimemuuwa," alisema. "Byiringiro, nimemuuwa muzee wa watu."

"Mama."

"Ana bajukuu saba..."

"Mama, tazama."

Mbele ya jina, pale palipokuwa patupu, palikuwa na namba. Anwani mpya kabisa, hawajawahi kuiona. Twagirimana alikuwa amerudisha kamba.

Byiringiro aliingia. Mashine ikaomba nywila na Élisabeth akamsukuma kando, akaandika mwenyewe, kwa haraka iliyomfanya akosee mara mbili. Mara ya tatu kioo kikawa cheupe, kisha polepole, kipande kwa kipande, ofisi yao ya zamani ikajitokeza. Mafaili yaleyale. Mpangilio uleule. Ratiba ya Januari ilikuwa bado wazi.

"Tafuta Jolie," Byiringiro alisema. "Haraka. Bakikata tena, inahama."

Wakapata majina. Jolie kumi na tisa.

"Fungua moja moja."

Kila picha ilichukua nusu dakika kushuka kutoka juu hadi chini. Jolie wa kwanza alikuwa mkubwa mno. Wa pili alikuwa mweusi zaidi, na kovu. Wa tatu, wa nne, wa tano. Saa nane na nusu. Wa nane alikuwa pacha. Wa kumi hakuwa na picha, na Élisabeth alipiga mguu wa meza kwa hasira.

Wa kumi na moja alianza kushuka. Kitambaa cha kichwa, cha njano. Paji la uso. Macho.

"Ni yeye," Élisabeth alisema. "Ni ule mama."

Na chini ya kidevu cha yule mama, kichwa kidogo cha Jolie, ulimi nje, anamchekea aliyeshika kamera.

Fiche ikafunguka. Mtoto: Jolie Uwingabire. Mama: Mukamugema. Anatoka: Masisi. Baba: Nizeyimana. Na mbele ya jina la baba, neno moja: amekufa.

"Nizeyimana," Byiringiro alisoma. "Ile mutu anaitwa namna gani?"

"Ntirenganya."

"Kuna page ya pili. Bonyeza."

Élisabeth alibonyeza. Hakuna kilichosogea. Alibonyeza tena. Mshale ulikuwa umeganda katikati ya kioo.

"Bamekata," Byiringiro alisema. "Bamezima betri bo wenyewe."

"Rudi! Ingia tena!"

"Adresse imekufa, mama. Ikiwaka, itakuwa na ingine." Alikuwa ameshatoa simu yake na kupiga picha kioo kilichoganda kabla hakijafutika. "Lakini sasa iko inaita jina. Ikiwaka nitaiona. Nakutumia hii. Kamata moto, pikipiki yoyote, enda Ndosho. Page ya pili nitaitafuta miye."

"Na isipowaka?"

"Enda, mama!"

Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na nane.

Msomaji, unaijua barabara ya Ndosho mchana. Élisabeth aliyaona malori, akaona vumbi jeusi la mawe ya volkano, akamshika dereva wa pikipiki mabega na kumwambia neno moja tu njia nzima: pita. Alipita. Kwenye mzunguko walikosa kugongwa na kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kusukuma, aliyebeba magunia ya makaa, na matusi yake yakawafuata mpaka kona.

Saa tisa kasoro dakika tatu, Élisabeth alisukuma geti la kituo.

Jolie alikuwa amesimama barazani, amevaa gauni lililopigwa pasi, sashe, mfuko wa nguo zake, miguuni. Mama Alliance, mkubwa wa kituo, alikuwa ameinama mezani na kalamu mkononi. Na Ntirenganya, ndani ya koti lake la kahawia, alikuwa ameshika mkono wa mtoto.

"Usisaini!" Élisabeth alipiga kelele.

Mama Alliance aliinua kichwa. "Élisabeth, tumeongea hii. Papa ana documents."

"Si baba yake. Tazama." Alimwekea simu mbele ya macho. "Ni fiche ya Kibati. Baba wa Jolie anaitwa Nizeyimana, na amekufa. Na mama yake ndiye huyu."

Mama Alliance alisoma. Alisoma mara mbili. Kisha akamgeukia mwanaume yule, na kalamu ikawekwa chini.

Élisabeth alidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

Ntirenganya aliomba kuiona ile simu. Aliiangalia picha kwa muda mrefu. Macho yake yakalowa, naam, yakalowa kweli, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka na dunia.

"Ndiye yeye," alisema. "Mukamugema. Bibi yangu, mke wangu. Mungu amurehemu."

"Fiche inasema bwana yake ni Nizeyimana!"

"Mama, wewe ulikuwa mu kambi. Unajua wanawake walikuwa wanasema nini ili wapate unga mbele ya wengine. Mujane alikuwa anahudumiwa wa kwanza. Aliandikisha jina ingine, akaniuwa ku karatasi ili mutoto akule." Alitikisa kichwa. "Sikumukasirikia. Alikufa mbele ya Noël, Krismasi haijafika, na homa. Nilimuzika na hii mikono yangu. Mutoto ndiye alinibakilia."

Mama Alliance aliitazama tena ile fiche. Wanawake wangapi wa kambi walisema hivyo? Wengi. Yeye mwenyewe aliwajua.

"Élisabeth," alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Iko na kitu kingine?"

"Kuna page ya pili. Inakuja."

"Inakuja lini?"

"Sijui."

"Ile bisi ya Sake haitaningoja," Ntirenganya alisema. "Na kile cheti cha kuzaliwa, mama, umekiweka mu sashe ya mutoto?"

"Nimekiweka," Mama Alliance alijibu. Akaokota kalamu.

Élisabeth alimpigia Byiringiro. Namba inatumika. Alipiga tena. Inatumika. Kalamu ilishafika kwenye mstari. Jolie alikuwa anamtazama Élisabeth, kisha yule mtu, kisha Élisabeth, kama mtoto anayesubiri wakubwa waamue kama mvua inanyesha au hainyeshi.

"Mama Alliance, nipe dakika tano."

"Nilikupa siku mbili."

"Nakupigia magoti."

Na alipiga kweli, pale kwenye saruji, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mbele ya watoto wote wa kituo. Mama Alliance aligeuza uso na kuanza kuandika jina lake.

Simu ikatetemeka.

Ilikuwa picha. Chini yake Byiringiro alikuwa ameandika: *Imewaka, imehama, jina limeipata. Page ya pili hii. Muzee amepiga, ni muzima.*

Élisabeth aliikuza picha kwa vidole viwili. Maandishi hayakuwa ya kwake. Hayakuwa na herufi kubwa hata moja, na neno mtoto liliandikwa mtt, kama mtu mmoja tu duniani alivyoliandika. Ferdinand aliyaingiza mwenyewe, siku za mwisho za ofisi, wala hakupata nafasi ya kumwambia mkewe.

Alisoma kwa sauti, akiwa bado magotini.

"Janvier, tarehe makumi mbili na ine. Mama wa mtoto Jolie amepiga simu ofisini saa ine asubuhi. Yuko Rutshuru, ni muzima. Alienda kutafuta chakula, barabara ikafungwa. Ikifunguka anakuja kuchukua mutoto. Anasema Jolie aambiwe asilie."

"Janvier," Mama Alliance alirudia. Alimgeukia Ntirenganya. "Papa, ulisema ulimuzika mbele ya Noël."

Macho ya mtu yule yalikuwa yamekauka. "Mutu alidanganya huyo aliyeandika," alisema. "Mutu alijifanya ni yeye. Angepiga simu namna gani? Mukamugema hakukuwaka hata na telefone."

"Hakuwa na telefone?" Élisabeth aliuliza.

"Hata siku moja."

"Namba yake iko hapa chini."

Élisabeth alisimama. Goti lake moja lilikuwa linatoka damu, hakulisikia. Alizibonyeza tarakimu moja baada ya nyingine, akaweka simu kwenye spika, akainyoosha mbele ili wote wasikie. Moyoni aliomba jambo dogo tu: sauti ya mwanamke iseme allô.

Kule upande wa pili ilianza kuita.

Na pale barazani, hatua mbili kutoka alipokuwa, jogoo akawika.

Aliwika ndani ya koti la kahawia. Akanyamaza. Akawika tena, mlio wa simu wa kuchekesha, wa aina ambayo mtu humtilia mtoto wake ili acheke.

Jolie alicheka. Aliruka kwa furaha, akashika mfuko wa lile koti kwa mikono miwili.

"Ni telefone ya mama!" alisema. "Mama iko wapi?"

Ntirenganya alijinasua mikononi mwa mtoto, akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa ukuta, na akaingiza mkono mfukoni. Si mfuko ule uliokuwa unawika.

Ule mwingine.